Njoo, Tutaongea Ukifika

Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Nalisema mapema ili huko mbele msomaji asinione nimechanganyikiwa. Mtu akifiwa na yuko mbali, hapigiwi akaambiwa, "Mama yako amefariki." Anapigiwa, anasalimiwa vizuri, anaulizwa yuko wapi na yuko na nani, halafu anaambiwa, "Njoo. Mgonjwa hali si nzuri. Mengine tutaongea ukifika." Basi. Mwenye akili zake ameshajua. Anajifunga kanga anasafiri, na njia nzima anajifanya hajui, na wanaomsubiri wanajifanya hawajui kama anajua, mpaka afike mlangoni, watu wamemzunguka wa kumshika asianguke, ndiyo anaambiwa. Ni desturi nzuri na mie sina ugomvi nayo. Ukimwambia mtu kifo akiwa peke yake barabarani, ataingia chini ya lori na mtakuwa na misiba miwili.

Lakini kuna siku desturi hiyo ilituendesha mbio kutoka asubuhi mpaka jioni, na mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda.

Asubuhi hiyo nilikuwa Chamazi, mbele ya nyumba yangu, nakaanga mihogo. Nimekaanga mihogo hapo tangu watoto wangu wadogo. Watu wanaokwenda kazini wanasimama, wanakula na chai, wanaondoka. Karai lilikuwa limekolea moto. Pembeni yangu jirani yangu anakatakata kachumbari, na mdomo wake haujafungwa tangu alfajiri. Huyu ni mtani wangu kwa kabila, na kazi yake kila asubuhi ni kunitukana mbele ya wateja.

"Kuleni haraka," anawaambia, "mihogo ikipoa inakuwa migumu kama roho ya mwenyewe."

Wateja wanacheka. Mie simjibu. Namjibuga jioni, nikiwa nimekaa.

Simu ikalia. Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho.

Huyo binti yangu alikuwa amelazwa hospitali kwa presha ya mimba. Huko nyuma alishapoteza mimba moja ikiwa imeshakuwa kubwa, na yeye mwenyewe tulimpata kwa taabu, kwa hiyo safari hii madaktari walimwambia asitoke kitandani hapo mpaka siku yake ifike. Anakaa Ukonga na mumewe, na mumewe ni mtu wa bara, karani wa ofisini, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Hana maneno mengi. Siku zote nilimpendea hilo. Siku ile nilitamani angekuwa na mdomo wa jirani yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mama, uko wapi sasa hivi?"

Hapo nikaweka mwiko chini.

"Niko nyumbani. Nimekuuliza mgonjwa."

"Uko na mtu hapo karibu?"

"Niko na jirani. Baba, mwanangu anapumua?"

Akanyamaza. Namsikia anavuta makamasi, anavuta pumzi. Halafu akasema, "Mama, njoo hospitali. Tutaongea ukifika." Simu ikakatika.

Sikulia. Nilinawa mikono kwenye ndoo. Nikavua hereni, nikazifunga kwenye pindo la kanga. Nikachukua kanga ya pili nikajifunga kiunoni. Kisha nikaondoka kwenda barabarani, karai liko motoni, mafuta yanaunguruma, mihogo imo ndani. Mie sijawahi kuacha mafuta motoni hata kwa kwenda uani. Jirani yangu alisimama na kisu chake, nyanya imekatwa nusu, wala hakuniuliza kitu. Nilisikia nyuma yangu mteja mmoja anaanza, "Bibi, chenji..." na mwenzake akamkanya, "Wewe! Huoni?"

Sikumwambia mtu yeyote kitu chochote. Lakini kabla sijafika kwenye kona mtaa mzima ulishajua, na ulijua uongo.

Kwenye kona kuna mtu wa bajaji, mtu mzima mwenye watoto wake, ambaye mie na yeye tunagombana kila siku kwa sababu ya singeli zake. Anafungulia redio mpaka vikombe vyangu vinacheza mezani. Aliponiona nakuja nimejifunga vile, akanyoosha mkono akaizima. Akanifungulia nafasi, akapangusa kiti kwa kiganja.

"Wapi, mama?"

"Hospitali."

Hakuuliza hospitali ipi. Alijua binti yangu yuko wapi, kila mtu alijua. Njia nzima kwenye mashimo alikuwa anapita taratibu kama amebeba mayai. Mie nimekaa nyuma nakumbuka neno la mwisho nililomwambia mwanangu. Jana yake jioni nilimpigia nikamgombeza. Nilisikia ametumiwa chipsi na shoga yake. Nikamwambia, "Wewe na presha yako unakula chumvi ya mafungu, unataka kuniletea balaa gani?" Akacheka, akasema, "Mama, na mie nakupenda." Nikamwambia aache upuuzi alale.

Hivyo ndivyo tulivyo mie na yeye. Nikimgombeza anajua nimemsalimia, na siku nikimsemesha kwa upole ananiuliza, "Mama, unaumwa?" Kwenye bajaji nilikuwa najiuliza kama alilala akiwa anajua hivyo. Nikawa nasema moyoni, lazima alijua. Halafu bajaji inapiga shimo, naanza kuuliza upya.

Mkwe wangu alikuwa getini. Shati limemtoka nje ya suruali, macho mekundu. Akanipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama anavyofanyaga. Akatangulia. Mie nikamfuata, huku naangalia anakata wapi. Hospitali ile wodi ya wazazi iko kulia, na jengo ambalo hakuna anayependa kulitaja liko nyuma kabisa, upande wa kushoto. Tulipofika kwenye njia panda nilisimama. Sikuweza kuendelea mpaka nione anapoelekea.

Akakata kulia.

Hata hivyo sikuamini. Nikasema labda bado hawajamhamisha. Tukaingia wodini, tukapita kitanda, tukapita kitanda, na mwisho kabisa, dirishani, mwanangu amekaa kitako, kikombe cha uji mkononi, uso umemvimba, nywele hazijachanwa, na ananitazama kwa hasira.

"Mama, muda wote huo ulikuwa wapi? Na mbona umejifunga kama uko msibani?"

Pembeni yake kwenye shuka kuna kifurushi kidogo, na kifurushi kinapiga chafya.

Jamani. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Tunapeana mkono, tunaulizana hali, basi. Siku ile nilimgeukia mkwe wangu nikamkamata ukosi wa shati.

"Nimekuuliza anapumua, ukanyamaza!"

"Mama, nilikuwa nalia."

"Unalia nini na mgonjwa mzima?"

"Furaha, mama."

"Kwa nini hukusema amejifungua? Neno moja! Amejifungua!"

Maskini wa Mungu, ukosi uko mkononi mwangu na bado anatafuta maneno ya heshima. "Mama, kwetu mama mkwe haambiwi mtoto kwa simu. Ni dharau. Anaitwa, anakuja, anaoneshwa kwa macho yake. Mama yangu alinionya tangu mwanzo, akasema nisije nikakuvunjia heshima."

"Na ulivyoniuliza niko na nani?"

"Nilitaka uje na mtu wa kukusaidia vitu. Maji ya moto, nguo..."

Mwanangu ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliniangalia kanga kiunoni, akaniangalia masikio hayana hereni, akaweka kikombe chini. "Mama," akasema taratibu, "ulidhani nimekufa?"

Nikamwachia mume wake ukosi. Nikapiga kigelegele. Nesi akatoka mbio, "Bibi, hapa wodini, si sokoni!" Nikamwambia anisamehe, nikatoka koridoni nikapiga kingine. Nesi akanifuata, nikadhani ananifukuza. Kumbe naye anacheka. Akasema, "Cha tatu kapigie nje."

Nje ndipo nilipokumbuka karai. Nikampigia jirani.

"Mtani, zima moto."

"Nimezima zamani," akasema, na sauti yake haikuwa yake, ilikuwa laini kama ya mtu mwingine. "Pole, mama. Pole sana. Usiwe na wasiwasi na huku. Turubai limeshafika tumelifunga, viti vinakuja, masufuria nimeazima. Wazee wanauliza tu, maziko yanakuwa leo au kesho."

"Maziko ya nani?"

"Mama, uko na nani hapo? Hebu mpe simu."

"Sina wa kumpa! Mwanangu mzima! Amejifungua! Nimemwacha anakunywa uji! Fungueni hilo turubai!"

"Sawa, mama. Amejifungua. Mungu mkubwa. Wewe kaa chini kwanza, usijikaze sana." Akaziba simu kwa mkono, lakini hakuziba vizuri, nikamsikia anawaambia wenzake, "Hajui anachosema. Mshtuko huo. Kuna mtu aende akamchukue."

Nilipaza sauti, nikaapa kwa Mungu, nikamtukana kwa tusi lake analolipenda, na kadiri nilivyozidi kupiga kelele ndivyo alivyozidi kunionea huruma. Mwishowe mkwe wangu akapiga picha, mwanangu na kikombe chake na kile kifurushi, akaituma kwenye simu ya jirani. Tukasubiri. Nikapiga tena. Safari hii sikusikia salamu. Nilisikia kigelegele kimoja, halafu vingi, halafu mtu anagonga sufuria kwa mwiko, na katikati ya kelele hizo jirani yangu ananifokea.

"Mwanaharamu wewe! Umenifanya nimeazima sufuria tatu! Tumekuja kuzika hapa, sasa tutamzika nani? Lala chini tukuzike wewe!"

Huyo sasa alikuwa jirani yangu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu akashusha sauti.

"Mtani," akasema. "Kaka yako yuko njiani."

"Kaka yangu yupi?"

"Unaye mwingine? Nilimpigia ulivyoondoka tu. Ameshapanda basi."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kinachosemwa. Ulitaka nimwambieje?"

Furaha yote ikanishuka. Kaka yangu mkubwa anaishi Nangurukuru, analima ufuta. Ni mzee kuliko mie, miguu inamsumbua, na presha anayo yeye pia. Baba yake binti yangu alipofariki, kaka ndiye aliyemchukua mtoto akamlea mpaka alipomaliza darasa la saba. Kwetu kusini mjomba si mtu wa kuja sikukuu na kuondoka. Mtoto ni wake. Nikamwona yuko kwenye kiti cha basi, amekaa na kifo ambacho hakipo, na njia ile ndefu.

Nikapiga. Akapokea.

"Kaka, sikiliza. Mtoto mzima."

"Nashukuru," akasema. Sauti kavu.

"Hukunisikia. Si msiba. Amejifungua salama."

"Nimesikia, mdogo wangu. Nashukuru. Nakuja."

"Huniamini!"

Nikasikia basi linaunguruma. Kisha akasema, "Mama alipokufa wewe ulikuwa njiani unakuja. Ulinipigia kutoka kwenye basi. Nilikwambia nini?"

Nilikumbuka.

"Nilikwambia mama amepata nafuu, anakunywa uji. Nilikwambia hivyo kwa mdomo wangu, na maiti iko ndani inaoshwa. Basi usinifanyie mie nililokufanyia wewe. Nitafika tu. Mie mwanaume."

Niligeuka nikarudi wodini mbio, mie na magoti yangu haya, nikamtia mwanangu simu sikioni. "Sema na mjomba wako."

"Mjomba shikamoo, ni mie. Mjomba, nimejifungua, acha kulia."

Kaka akamwambia kwa upole kabisa, "Asante, mama. Nakujua, wewe ni dada mtu. Jikazeni huko, mtunzeni mama yenu." Kwa sababu kweli binti zangu wote wana sauti moja. Hata mie hunichanganya.

Simu ya kaka ni kitochi, haipokei picha. Mkwe wangu akamwambia aulize kama abiria wa pembeni ana simu kubwa. Alikuwepo mama mmoja anatoka Lindi, akakubali, namba ikatajwa, simu ya picha ikapigwa. Mwanangu akajifuta uso, akakaa vizuri, akaanza kucheka. Kule nikaona paa la basi, nikaona kofia, nikaona jicho moja la kaka yangu linasogea karibu. Mwanangu akafungua mdomo kusema, akapepesa macho, na hapo hapo mtandao ukashika picha ukaigandisha.

Sijui waliona nini hasa. Mkwe wangu anasema simu ikiganda hivyo, upande wa pili wanabaki na picha ile ile. Nafikiri waliona mwanangu kwenye shuka jeupe, macho yamefumba, hatikisiki. Sie tulibaki na sauti tu, na sauti ilikuwa ya yule mama wa Lindi, "Uwiii! Maskini mtoto mzuri!" halafu wanawake wengine wa kwenye basi wakamfuata. Kisha ikakata kabisa. Tukipiga haipatikani, wameingia kwenye mapori.

Nilikaa kwenye benchi la koridoni na simu mkononi. Mie sikusoma sana, nimepita ngumbaru, kisomo cha watu wazima, basi, lakini siku hiyo niliwaza mambo ambayo sijawahi kuyawaza. Watu tunasema kutwa nzima. Tunasema tupate chumvi kwa jirani, tunasema mtoto asikanyage moto, tunatukanana asubuhi ili siku ianze vizuri, tunaulizana hali na hali tunaziona. Na kwa siku mbaya tumejiwekea maneno yetu ya kumfunika mtu asipate baridi. Tumeyatumia kwa huruma miaka yote. Mgonjwa ana nafuu. Anakunywa uji. Anakuulizia wewe. Sasa mgonjwa wangu ana nafuu kweli, anakunywa uji kweli, anamuulizia mjomba wake kweli, na sikuwa na neno hata moja safi lililobaki la kusemea. Yote tulishayavalisha sanda.

Nikainuka. Kama mdomo haufai, nitakwenda mwenyewe.

Mabasi ya kusini yanashusha Mbagala. Nilimkuta jirani yangu ameshafika, amevaa gauni la harusi ya mwaka gani sijui, kanga ya msiba ameitupilia mbali, amejipaka wanja. Mtu wa bajaji alikuwa naye, na safari hii singeli imefunguliwa mpaka mwisho. Nilitaka kumkaripia, nikaacha. Nikavaa hereni zangu. Nikasema kaka akiniona nimevaa hereni na nacheka, atajua.

Basi likaingia. Kaka akashuka ameshikwa mkono huku na huku, upande mmoja yule mama wa Lindi, ambaye alishaamua kumsindikiza mpaka makaburini, na upande wa pili kondakta. Nikamkimbilia, mikono juu, nacheka meno yote nje.

Kaka akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Machozi yakamtoka.

"Amechanganyikiwa," akamwambia mama wa Lindi. "Mdogo wangu amechanganyikiwa kwa uchungu."

"Inatokea, baba," mama wa Lindi akasema, akaniachia njia kama ninauma.

Jirani yangu akajitosa. "We mzee! Futa makamasi hayo! Kama mtoto amekufa, nizikwe mie, tena na gauni hili! Panda bajaji, unatuchelewesha!"

Alikosea kabisa kusema hivyo. Kwa sababu mtani kazi yake msibani ndiyo hiyo. Mtani ndiye anayekuja kwenye msiba akacheza, akamtukana marehemu, akalala kwenye jeneza, akadai alipwe ndipo maiti itoke. Mtani akifanya mzaha mbele yako umefiwa, hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo. Kaka akakaa chini pale pale kituoni, juu ya begi lake.

"Hata utani mmeshaanza," akasema. "Basi ni kweli."

"Si utani!" jirani akapiga kelele. "Leo sitanii!"

"Ndivyo mnavyosemaga."

Jirani yangu, ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa la kusema, alifungua mdomo akaufunga. Akanigeukia, wanja unaanza kumtiririka, "Mtani, nifanyeje?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Na wewe kaka, nyamaza. Hakuna mtu kusema neno. Inukeni."

Tukambeba. Kaka kati, mie huku, mama wa Lindi kule, naye hakutaka kuachwa, na jirani akakaa mbele na dereva nusu nje. Redio ikazimwa. Tukaenda kimya kimya, na nikaona kimya chetu kinamtuliza kaka kuliko maneno yote tuliyompa tangu asubuhi. Alinishika mkono akaufinya. Nikafinya na mie.

Saa kumi wanafungulia kuona wagonjwa. Kwenye njia panda, penye vibao, kaka alikuwa ananitazama miguu, aone nakata wapi, na nilimjua, kwa sababu na mie nilifanya hivyo hivyo. Nikamvuta kulia. Akashtuka. Nikamvuta.

Mwanangu alikuwa anakula ndizi. Alipomwona akaitoa mdomoni haraka haraka.

"Shikamoo, mjomba."

Kaka hakuitika. Alisogea mpaka kitandani, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mwanangu kama alivyokuwa akimpima homa akiwa mdogo. Akakaa hivyo. Halafu akamfinya mkono, akamfinya kweli.

"Mjomba! Unaniumiza!"

"Marahaba," kaka akasema. Akashuka polepole akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa kitanda, akavua kofia akajifunika uso nayo. Mabega yakawa yanatikisika. Mwanangu akashusha mkono akamshika kichwa. Mama wa Lindi, mgeni asiyemjua mtu hata mmoja kati yetu, akapiga kigelegele ambacho sijapata kusikia mfano wake, na nesi wa zamu ya jioni, ambaye hakuwa na cheko kama yule wa asubuhi, akatufukuza wote isipokuwa mzazi mwenyewe na mtoto wake.

Kaka alitoka akiwa mtu mwingine. Miguu inayomsumbua haikumsumbua tena. Alifika nje ya geti akachomoa kitochi, akaanza kupiga Nangurukuru, mtu mmoja mmoja. Kule nako walishaanza kukusanyika.

"Mzima! Nimemshika kwa mkono huu! Sikwambii nimeambiwa, nakwambia nimemfinya! Amepiga kelele! ... Hapana, sifichi! ... Muulize huyu mama wa Lindi! Mama, sema!"

Mama wa Lindi anachukua simu, anasema, "Kweli kabisa, baba, na mie nimemwona, anakula ndizi," anarudisha. Jirani yangu yuko pembeni anamwigiza kaka anavyopiga kelele, mtu wa bajaji amekaa ukingoni anapiga makofi. Simu ya kaka ikaisha salio. Akaikodolea macho. Bado alikuwa amejaa maneno. Akageuka akamwona mama anayeuza machungwa chini ya ukuta, anamenya, hana habari na sie. Akamwendea.

"Mama, mwanangu mzima! Niliambiwa amekufa, kumbe amejifungua!"

Sikumzuia. Mie huwa sipendi mtu kumwaga mambo ya nyumbani barabarani, lakini hapo nilimwacha. Yule mama aliweka kisu chini, akajifuta mikono, akasimama kabisa kumpa mkono, kama walikuwa wanajuana.

"Hongera, baba. Hongera sana! Mtoto gani?"

Kaka akabaki mdomo wazi. Akanigeukia. Ndipo na mie nikajua kwamba kutwa nzima, kwenye simu zote zile na makelele yote yale, hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza.

"Mtoto gani?" kaka akaniuliza.

"Wa kike," nikamwambia.

Akamshika jirani yangu bega. "Niazime simu," akasema. "Nianze upya."